Kivuli kimekwama ukutani: leya zinavyopangwa na mwanga unavyoanguka

Msomaji mmoja wa Mwanza ameniandikia hivi: "Mtaalamu, shikamoo. Natengeneza video ya mwaliko wa harusi kwa programu ya After Effects. Nyuma nimeweka picha ya kanga, mbele yake maandishi ya KARIBUNI yakiwa 3D, na taa moja inayoangusha kivuli cha maandishi juu ya kanga. Kilikaa vizuri sana. Kisha nikaongeza leya ya marekebisho kati ya kanga na maandishi ili kupunguza makali ya rangi za kanga, na kivuli kikapotea. Taa nimeipandisha juu kabisa, nimeishusha chini kabisa, nimeiongezea mwanga, wapi! Je, ni mpangilio wa leya? Na kama ndio, mbona taa yenyewe haijali iko juu au chini?"

Marahaba, ndugu yangu. Ndiyo, ni mpangilio wa leya. Taa haina kosa, wala maandishi, wala kanga. Ile leya ya marekebisho (adjustment layer, inayobadilisha leya zote zilizo chini yake) uliyoiingiza katikati ndiyo imekata kivuli. Ivute kwenye taimlaini, ile orodha ya leya zako, mpaka iwe juu ya maandishi, na kivuli kitarudi palepale. Lakini usiishie hapo, kwa sababu ukiivuta juu utaona marekebisho yameyagusa na maandishi, jambo ambalo hukulitaka. Kwa hiyo nitakueleza kinachotokea ndani ya programu, maana ukishakielewa utajua mwenyewe pa kuweka kila leya. Swali lako la pili, la taa kutojali, ndilo zuri zaidi, na ndilo linalofungua mengine yote.

After Effects inasoma taimlaini kutoka chini kwenda juu. Leya ya chini kabisa inachorwa kwanza, inayofuata inabandikwa juu yake, na nyingine juu ya hiyo, kama mtu anayebandika matangazo ukutani moja juu ya jingine. Programu hii ilizaliwa hivyo. Ilipotoka mwaka 1993, kutoka kampuni ndogo iliyoitwa CoSA huko Providence, Marekani, kazi yake ilikuwa kupanga picha bapa juu ya picha bapa. Leya za 3D, pamoja na kamera na taa, zilikuja katika toleo la 5, mwaka 2001. Yaani kina kilipandikizwa ndani ya mfumo ambao tayari ulikuwa na sheria yake ya juu na chini, na sheria hiyo haikufutwa. Zote mbili zinafanya kazi mpaka leo, na kivuli chako kimepotea pale zinapokutana.

Tazama kinachotokea programu inapopanda taimlaini yako. Inaanza na kanga. Inaona ni leya ya 3D, kwa hiyo haiichori papo hapo. Inatazama kwanza leya iliyo juu yake. Kama nayo ni ya 3D, inaichukua pia. Inaendelea kuzoa hivyo mpaka ikutane na leya isiyo ya 3D. Hapo inafunga fungu. Zile zilizozolewa pamoja, na hizo tu, ndizo zinazopangwa kwa kina: nani yuko karibu na kamera, nani anamkata nani, nani anamwangushia nani kivuli. Ndani ya fungu moja namba za leya kwenye taimlaini hazina nguvu. Z, yaani namba ya kina inayopungua leya ikija karibu na kamera, ndiyo inayoamua. Hesabu ikiisha, fungu zima linakuwa picha moja bapa.

Kwako wewe fungu la kwanza lilikuwa na kanga peke yake, kwa sababu juu ya kanga programu ilikutana na leya ya marekebisho. Kanga ikachorwa, ikawa picha, kama iliyokwisha kutoka studio. Haina tena Z, haina tena uso wa kupokea kitu. Leya ya marekebisho ikaipunguza rangi picha hiyo. Ndipo programu ikaanza fungu la pili: maandishi, nayo peke yake. Taa ikayaangaza vizuri tu, na kivuli kikahesabiwa, lakini ndani ya fungu lile hapakuwa na kitu nyuma ya maandishi cha kukipokea. Kivuli hakivuki kutoka fungu moja kwenda jingine. Mimi naiita leya ya namna hiyo ukuta, na nitaendelea kuiita hivyo.

Sasa taa. Taa haichorwi. Haina picha ya kubandikwa, kwa hiyo haimo kwenye foleni ya kuchorwa na haihesabiwi ndani ya fungu lolote. Inaangaza leya zote za 3D kwenye kompozisheni, yaani kazi nzima unayoipanga kwenye taimlaini, ziwe upande huu wa ukuta au ule. Ndiyo maana kanga yako iliendelea kung'aa na maandishi yaliendelea kung'aa hata baada ya kivuli kupotea, na ndiyo maana kuipandisha na kuishusha hakukubadilisha chochote. Mwanga unavuka ukuta, kivuli hakivuki. Watu wengi wanadanganyika hapa: wanaona mwanga upo pande zote mbili, wanaamini vitu viwili viko kwenye chumba kimoja, kisha wanakesha wakihangaika na taa.

Kuna hali moja tu ambapo nafasi ya taa kwenye taimlaini ina maana. Kwenye safu ya swichi kuna alama ya duara lililo nusu jeusi nusu jeupe, ileile inayogeuza leya kuwa ya marekebisho. Ukiiwasha kwenye taa, taa hiyo itaangaza leya za 3D zilizo chini yake tu; zilizo juu yake hazipati mwanga wake hata zikiwa puani mwake. Ni kifaa kizuri ukitaka taa ya njano iangukie kanga bila kuyagusa maandishi. Lakini ikiwashwa kwa bahati mbaya itakutoa jasho, hivyo ukiona taa inachagua nani wa kumwangaza, kaitazame alama hiyo kwanza.

Utajuaje kuwa kuna ukuta? Shika maandishi, yasukume kwenye Z mpaka yawe nyuma kabisa ya kanga, tuseme Z 300 wakati kanga iko 0. Yakitoweka nyuma ya kanga, vitu viwili viko fungu moja na tatizo lako ni jingine. Yakiendelea kuonekana mbele ya kanga ilhali namba inasema yako nyuma, kuna ukuta kati yao. Kuupata ni rahisi: zima jicho la leya moja moja zilizo katikati. Leya iliyozimwa haichorwi, kwa hiyo haikati fungu. Ile ambayo ukiizima tu kivuli kinarudi, ndiyo hiyo.

Kuta zenyewe ni za namna chache. Leya yoyote ya 2D ni ukuta: picha, video, nembo, solidi (leya ya rangi moja tupu), maandishi ambayo hukuwasha mchemraba wake wa 3D. Leya ya marekebisho ni ukuta. Leya ya 3D iliyopewa mitindo ya leya, zile "Layer Styles" zinazofanana na za Photoshop, ni ukuta pia, ingawa yenyewe ni 3D na mchemraba wake unawaka. Ya mwisho ni kompozisheni ya ndani, ambayo wengi tunaiita prikompo. Prikompo ya 3D ikiwashiwa ile swichi yenye umbo la jua, leya zake za ndani zinatoka na kujiunga na fungu la nje na kuangaziwa na taa za nje. Hapo haikati kitu, mradi leya zote zilizo ndani yake ni za 3D. Lakini ukiibandika efekti, au maski iliyofungwa (umbo linalokata sehemu ya leya), au ukaipa leya nyingine iifunike kama matte, inageuka kuwa ukuta. Swichi ya jua ikiwa imezimwa, prikompo ya 3D inabaki kadi moja bapa: inaweza kupiga na kupokea kivuli kama kadi, ila vilivyo ndani yake haviwezi kubadilishana vivuli na walio nje.

Huo ukuta wa mitindo ya leya ndio ulionifunza somo hili. Miaka mingi nyuma nilikuwa natengeneza ufunguzi wa taarifa ya habari kwa kituo kimoja cha televisheni. Kulikuwa na ramani iliyolala kama sakafu, juu yake vibao vya majina ya miji vimesimama, na taa moja ya upande iliyoangusha vivuli virefu juu ya ramani, kama jua la saa kumi na moja jioni. Usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi nikaona kibao kimoja kinahitaji ukingo wa dhahabu. Nikakipa "Stroke" kutoka mitindo ya leya. Nusu ya vivuli ikafutika palepale: vibao vilivyokuwa juu ya kile cha dhahabu kwenye taimlaini vilipoteza vivuli vyake, vya chini vikabaki navyo. Nilihangaika na taa mpaka adhana ya alfajiri. Suluhisho lilikuwa kuondoa mtindo ule na kuchora ukingo ndani ya kibao chenyewe kwa kutumia efekti ya kawaida, maana efekti ya kawaida juu ya leya ya kawaida ya 3D haikati fungu. Tangu siku hiyo, kabla ya kugusa taa natazama kwanza taimlaini.

Turudi kwenye kanga yako. Njia ninayokupendekezea ni kuifuta leya ya marekebisho na kuweka efekti ileile, Hue/Saturation kama ndiyo uliyotumia, moja kwa moja juu ya kanga. Fungu litabaki moja na kivuli kitakaa. Na kuna faida ambayo wengi hawaioni: efekti iliyo juu ya leya inahesabiwa kabla ya mwanga kuiangukia. Ni kana kwamba umeipausha kanga yenyewe, kisha ukaitundika na kuwasha taa. Kama taa yako ni ya rangi ya machungwa, rangi hiyo itabaki kamili juu ya kanga iliyopauka. Ukiweka marekebisho juu ya kila kitu, yanafanya kazi kwenye picha iliyokwisha kuangazwa, kwa hiyo yataipausha kanga, na ile rangi ya machungwa, na maandishi, na kivuli, vyote pamoja. Hakuna njia mbaya kati ya hizo mbili, ila matokeo hayafanani, na ni vizuri uchague ukijua.

Ni vilevile na ukungu (blur). Ukiitia kanga efekti ya ukungu, kivuli cha maandishi kitaangukia juu ya kanga yenye ukungu huku chenyewe kingali na makali yake. Jicho linakataa hilo bila mtazamaji kujua kwa nini. Ukitaka kivuli nacho kilainike, kifanyie kazi hiyo kwenye taa, na nitafika huko.

Kama una sababu ya kubakiza ule ukuta katikati, kwa mfano nyuma ni video iliyopigwa kwa simu, nayo ni 2D na itabaki 2D, basi acha ukuta usimame na uweke mpokeaji upande huu wake. Tengeneza solidi nyeupe, iwashe 3D, iweke kwenye Z ileile na mwinamo uleule wa kanga, na kwenye taimlaini ikae juu ya ukuta na chini ya maandishi. Kisha fungua sehemu yake ya nyenzo, "Material Options", na kwenye "Accepts Shadows" chagua "Only". Solidi itatoweka na kubakiza kivuli tu kilichoiangukia, kikielea juu ya picha iliyo chini. Kwa njia hii unaweza kusimamisha maandishi barabarani kwenye video ya Kariakoo na kivuli chao kikalala juu ya lami: solidi unailaza kwa kuizungusha nyuzi 90 kwenye mhimili wa X, iwe sakafu. Kazi ngumu inabaki moja tu, kulinganisha mwelekeo wa taa yako na jua lililokuwepo siku ile. Tazama kivuli cha nguzo ya umeme ndani ya video yenyewe na uige.

Kabla sijasahau, kuna vibali vitatu ambavyo kivuli kinavihitaji hata fungu likiwa zima. Taa iwe imeruhusiwa kuangusha kivuli. Leya ya mbele iwe imeruhusiwa kuangusha, na hii kwa kawaida huja ikiwa imezimwa, kwa hiyo kila leya mpya ya 3D unayoongeza haina kivuli mpaka uiwashe. Leya ya nyuma iwe imeruhusiwa kupokea. Hiyo huja imewashwa. Chagua leya, bonyeza herufi A mara mbili haraka haraka, na vibali vyake vyote vitafunguka mbele yako. Na taa ya aina ya "Ambient" haiangushi kivuli kabisa, kwa kuwa haina mahali inapotokea. Kazi yake ni kupunguza giza lililopo.

Kwako vibali vyote vilikuwepo, maana kivuli kilishaonekana. Lakini nakuona ukikutana karibuni na jambo jingine la mpangilio: umbali. Kivuli kinahitaji nafasi kati ya kitu na uso unaokipokea. Tuchukue kompozisheni ya 1920 kwa 1080. Kanga iko Z 0, maandishi yako katikati ya skrini, na taa ya aina ya "Point" iko kushoto na juu, kwenye X 600, Y 200, Z -700. Maandishi yakiwa Z -150, kivuli cha katikati yake kitaangukia karibu pikseli 98 kulia na 93 chini, nacho kitakuwa kikubwa kuliko maandishi kwa takriban asilimia 27, kwa kuwa miale ya taa hiyo inatawanyika kadiri inavyokwenda mbali. Yasogeze maandishi mpaka Z -20, na kivuli kinajificha: pikseli 10 au 11 tu pembeni, kama maandishi yameshonwa juu ya kitambaa. Yafikishe Z 0 sawasawa na kanga, na hakuna kivuli tena. Hapo hapo ile sheria ya zamani inarudi: leya mbili za 3D zikiwa kwenye Z moja, iliyo juu kwenye taimlaini ndiyo inayochorwa juu.

Kwa hiyo ukitaka maandishi yaonekane yanaelea mbali na kanga, yavute kuelekea kamera. Ukitaka yaonekane yamebandikwa, yasogeze nyuma. Watu huongeza giza la kivuli wakitafuta kina, na wanapata doa. Kina kinatoka kwenye umbali. Na kama ukubwa wa kivuli unakukera, badilisha taa iwe ya aina ya "Parallel", ambayo miale yake inakwenda sambamba kama ya jua. Kivuli kitabaki na ukubwa wa maandishi yenyewe.

Kuhusu ulaini: taa za "Spot" na "Point" zina namba ya "Shadow Diffusion". Ikiwa 0, ukingo wa kivuli ni mkali kama umekatwa kwa wembe. Kwa mwaliko wa harusi mimi ningeanza na 30 hadi 40, giza la kivuli nikaliweka asilimia 60 hivi, kisha nikaongeza taa ya pili ya "Ambient" yenye nguvu kidogo ili pembe za kanga zisizame gizani. Giza la asilimia 100 liache kwa filamu za kutisha. Vivuli vikitoka na ukingo wa vijiti vijiti kama ngazi, fungua mipangilio ya kompozisheni, nenda sehemu ya "3D Renderer", ingia "Options", uongeze kipimo cha "Shadow Map Resolution". Kompyuta itafanya kazi polepole zaidi, kwa hiyo ongeza ukiwa karibu kutoa kazi.

Kwa kuwa umetumia kanga, nataka ujaribu jambo moja. Chukua leya nyingine ya kitambaa cha rangi, iwe ya 3D, iweke kati ya taa na maandishi, pembeni ya kamera isipoonekana. Kwenye nyenzo zake washa "Casts Shadows", kisha pandisha "Light Transmission" hadi 100. Kivuli kitaacha kuwa cheusi. Kitabeba rangi za kitambaa, kama jua linavyopita kwenye kanga iliyoanikwa uani na kuacha wekundu na manjano sakafuni. Au chukua umbo la kuti la mnazi, na kwenye "Casts Shadows" chagua "Only": kuti lenyewe halionekani, kivuli chake kinacheza juu ya kanga. Litikise kidogo kwa mwendo wa taratibu, na mwaliko mzima utakuwa na upepo ndani yake bila mtazamaji kuliona kuti lenyewe. Yote mawili yanataka fungu moja, kwa hiyo kuti na kitambaa vikae kwenye taimlaini bila ukuta kati yao na kanga.

Sasa kidogo kuhusu kile kivuli kingine, efekti ya "Drop Shadow", kwa sababu najua utashawishika kuitumia siku kivuli cha kweli kikikusumbua. Hicho hakina uhusiano wowote na taa. Ni rangi nyeusi iliyochorwa nyuma ya leya kwa pembe na umbali uliopanga, na kinaangukia chochote kilicho chini kwenye taimlaini, kiwe 2D au 3D, kiwe karibu au mbali. Hapa mpangilio wa leya ndio kila kitu. Chukua neno KARIBUNI, kila herufi kwenye leya yake, zimebanana kidogo, na kila moja na "Drop Shadow" inayoanguka kulia na chini. K ikiwa juu ya A kwenye taimlaini, kivuli cha K kinalala juu ya mguu wa A, na A inaonekana iko nyuma ya K. Geuza mpangilio, A iwe juu, na kivuli cha K kinajificha nyuma ya A. Neno moja, taa ya kubuni moja, na herufi zinaonekana zimepangwa kama ngazi kwa upande huu au ule. Ukitaka neno zima likae kwenye uso mmoja, ziweke herufi zote ndani ya prikompo na uitie kivuli prikompo hiyo mara moja.

Kuna mtego mwingine ndani yake. Katika leya moja programu inahesabu maski kwanza, kisha efekti, kisha mahali, ukubwa na mzunguko. Kwa kuwa kivuli cha efekti kimekwisha chorwa kabla ya mzunguko, ukiizungusha nembo ya duara kama sarafu, kivuli kinazunguka nayo, na jicho linaona taa inayokimbia kuizunguka sarafu. Mitindo ya leya inahesabiwa baada ya mzunguko, kwa hiyo "Drop Shadow" ya mtindo inabaki ikianguka upande uleule sarafu ikizunguka. Kwa kazi ya 2D tupu, mtindo ndio bora. Ila kumbuka niliyoyasema juu ya ramani na vibao: mtindo huohuo ukiuweka kwenye leya ya 3D, umejenga ukuta. Na usichanganye efekti ya "Drop Shadow" na taa ya kweli kwenye leya moja, kwa sababu ile rangi nyeusi inahesabiwa kuwa sehemu ya umbo la leya, nayo itaangusha kivuli chake.

Nimekuwa nikizungumzia "Classic 3D", mchoraji (renderer, sehemu ya programu inayochora 3D) ambaye wengi wetu tunamtumia kwa kazi za leya bapa kama yako. Ukienda kwenye mipangilio ya kompozisheni utaona na wengine, kama "Cinema 4D" na "Advanced 3D". Hao wana tabia zao za mwanga na nyenzo, na baadhi ya vibali nilivyovitaja utavikuta havipo au vimebadilika. Ukihama kutoka mmoja kwenda mwingine katikati ya kazi, pitia kila leya upya kwa A mara mbili. Na kama umewahi kutumia Blender, programu nyingine ya 3D, sahau mazoea yake hapa: kule orodha ya vitu haina uzito, kitu kiko pale kilipo angani na basi.

Fanya hivi leo: zima jicho la leya ya marekebisho, hakikisha kivuli kimerudi, nakili efekti zake uzibandike juu ya kanga, kisha ifute. Nitumie picha mbili, moja maandishi yakiwa Z -20 na nyingine yakiwa -150, nikuambie ipi inaifaa kanga hiyo. Kanga yenye mji mkubwa wenye michoro mingi mara nyingi inataka kivuli cha mbali na laini, la sivyo herufi zinapotea ndani ya michoro.